Mfungulie Mwenzako Njia

Shax haihitaji umeme. Inahitaji kipande cha mchanga, kidole cha kuchorea na watu wawili wenye muda. Unachora mraba, ndani yake mraba mwingine, ndani yake tena wa tatu, kisha unaunganisha katikati ya pande zao kwa mistari. Hapo unapata nukta 24. Mmoja anaokota vijiwe 12, mwenzake anatafuta vijiti 12, na mchezo umeanza. Wafugaji wa Kisomali wameucheza hivyo tangu zamani. Ukitoka Garissa mjini ukapita Modogashe kuelekea Wajir, uko ndani ya eneo lake. Na usisome jina lake kama "shaks", tafadhali. Tangu Kisomali kilipopewa rasmi alfabeti ya Kilatini mwaka 1972, herufi x ndiyo ile ha nzito inayotoka kooni, kama ya Kiarabu.

Ukiutazama kwa jicho la mtu wa kompyuta, huo ni mchezo uliokamilika. Una ubao, una zamu, una kanuni, una njia ya kushinda na njia ya kushindwa. Kilichobaki ni skrini tu. Sasa, skrini iliingiaje kwenye michezo, na ni nani waliojifunza kuitumia kwanza? Jibu linaturudisha kwa wanafunzi wa vyuo, tena si mara moja.

Najua swali lako. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unasomea kutengeneza gemu, atakuuliza kazi iko wapi. Ukimwambia mtu wa Modogashe, atakuuliza hilohilo na pengine aongeze kwamba mbuzi hawajichungi wenyewe. Ni swali halali. Lakini ngoja kwanza tuone historia inasemaje.

MASHINE YA DOLA 120,000

Mwaka 1961 chuo cha MIT, kule Marekani, kilipata kompyuta ya PDP-1 kutoka kampuni ya Digital Equipment Corporation. Bei yake ilikuwa dola 120,000. Ilikuwa na ukubwa wa makabati, na kumbukumbu yake ya kawaida ilibeba maneno 4,096 ya biti 18 kila moja, yaani takriban kilobaiti tisa. Picha moja unayotumiwa WhatsApp haingetosha humo. Lakini PDP-1 ilikuwa na skrini, na hilo liliwatia kiwewe vijana waliokuwa wakizunguka maabara usiku, wengi wao kutoka klabu ya wanafunzi waliopenda kuunda reli na treni ndogo za kuchezea.

Wakajiuliza: ni kitu gani kitaonyesha uwezo wa mashine hii kwa mtu asiyejua kompyuta? Steve Russell, pamoja na Martin Graetz na Wayne Wiitanen, wakaja na wazo la vyombo viwili vya angani vinavyopigana. Mwanzoni mwa 1962 ilikuwa inachezeka. Wakaiita Spacewar!

Hakuna aliyewapa alama kwa kazi hiyo, lakini tazama jinsi ilivyokua. Russell alichelewa, kisingizio chake kikiwa kwamba hana programu ya hesabu za kuzungusha vyombo. Alan Kotok akaenda kuichukua kwa watengenezaji wa mashine, akamwekea mezani, kisingizio kikaisha. Peter Samson hakupenda nyota zilizotawanywa ovyo kwenye skrini, akaandika programu ya kuonyesha nyota za anga halisi. Dan Edwards akaongeza mvutano wa jua katikati. Kabla ya jua, mchezaji aliweza kukimbia na kupiga tu. Baada ya jua, ilimbidi afikirie linamvuta wapi, na pengine alitumie kumzunguka adui. Kanuni moja iliongezwa, mchezo mzima ukabadilika. Hilo huwezi kulielewa vizuri kwa kusoma tu. Unalielewa siku unapoongeza kanuni kwenye mchezo wako mwenyewe ukaona wenzako wanaanza kucheza tofauti.

Miaka 40 na ushei baadaye, mambo yalikuwa yaleyale, ila sasa mtihani ulikuwepo. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha DigiPen walitengeneza Narbacular Drop, gemu ndogo yenye wazo moja: binti wa mfalme asiyeweza kuruka, anayepita kwenye milango miwili iliyounganishwa, unaingia huku unatokea kule. Kampuni ya Valve iliiona, ikaajiri kundi zima, na mwaka 2007 wazo hilo likatoka upya kwa jina la Portal. Mwaka 2006, Jenova Chen alifanya gemu ya flOw kuwa sehemu ya tasnifu yake ya shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Hizi zote hazikuanza kama gemu kubwa. Zilikuwa miradi ya wanafunzi, kila moja na swali moja dogo, na muda wa kulikosea mpaka lipatikane.

Kuna mwanafunzi mwingine ambaye watu hawamtaji sana. Mwaka 1993, Ralph Gasser, akisomea udaktari katika chuo cha ETH kule Zurich, alitumia kompyuta kumaliza kabisa mchezo wa zamani wa Ulaya unaochezwa na kete tisa kila upande. Alionyesha kwamba wachezaji wawili wasiofanya kosa lolote watatoka sare. Ubao wa mchezo huo una miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na nukta 24. Ndiyo, ni ubao uleule wa shax. Binamu wa mchezo wetu alishaandikiwa tasnifu.

KUMASI, NAIROBI, ADJUMANI

Huku kwetu hadithi hii haikuanza jana. Eyram Tawia alipofika mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Kwame Nkrumah, mjini Kumasi, Ghana, mradi wake ulikuwa gemu ya Sword of Sygos. Nairobi, mwaka 2007, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu yenye shujaa msichana wa Kiafrika. Kumbuka mazingira ya wakati huo: nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilikuwa bado hazijafika Mombasa. Zilifika 2009, na mwaka huohuo Tawia na Kirinya waliunganisha nguvu wakaanzisha Leti Arts, mguu mmoja Accra, mguu mwingine Nairobi.

Wengine wakafuata, na walichokifuata kinafurahisha. Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu, wakati wengi wetu bado tulikuwa na simu za Nokia. Kola Studios ya Kampala iliuchukua Matatu, ambao kwa Waganda ni mchezo wa karata, ikautia kwenye simu. Hawakuanza kwa kutafuta wazo ng'ambo. Walichukua kitu ambacho jirani anakijua tayari, wakauliza: hiki kikiwa kwenye skrini, kinabadilika vipi?

Halafu kuna Lual Mayen, ambaye hakuwa na chuo. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza kwenye zoezi la kuandikisha wakimbizi, alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama alishona na kuweka akiba kwa miaka mitatu hadi dola 300 zikatimia. Lual alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuchaji. Akajifundisha kuandika programu, na mwaka 2016 akatoa gemu aliyoiita Salaam, ambayo ndani yake mchezaji anapata pointi kwa kulinda amani.

Hadithi yake hupendwa sana, na inastahili. Ila tusiitumie vibaya. Tukisema "mwenye nia atatembea saa tatu," tunamsamehe aliyepaswa kuleta umeme. Chuo kina faida ambayo nia peke yake haina: wenzako wa kuujaribu mchezo wako, mwalimu wa kukuuliza kwa nini, na tarehe ya mwisho ya kukunyima usingizi.

KWA NINI WAYA ULICHELEWA

Sasa turudi Modogashe. Mji huu uko pale Garissa inapokutana na Isiolo, kwenye njia panda ya barabara za kwenda Wajir. Kuchelewa kwake hakukuletwa na jua wala mchanga. Kuliandikwa kwenye sheria. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, na eneo la kaskazini likawa la kuingia na kutoka kwa kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa nyingine ya kudhibiti makabila na malisho yao. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza kule zitakakozaa haraka, yaani kwenye mvua, udongo mzuri na reli. Kaskazini haikuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo vijana wa MIT walipokuwa wakirusha vyombo vyao angani mwaka 1962, mtoto wa Modogashe aliishi kwenye wilaya ambayo hata kutembea kwake kulihitaji ruhusa.

Chuo kikuu nacho kilichelewa. Kilichokuwa chuo cha walimu Garissa kiligeuzwa mwaka 2011 kuwa chuo kishiriki cha Moi, cha kwanza cha umma cha ngazi hiyo Kaskazini Mashariki. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 ndani yake, wengi wao wanafunzi. Walionusurika wakahamishiwa Eldoret. Januari 2016 milango ikafunguliwa tena, na Oktoba 2017 chuo kikapewa hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha Garissa. Hili nalitaja kwa sababu tunapoongea kuhusu "mradi wa mwanafunzi" huwa tunadhani mwanafunzi ana mahali salama pa kukaa na laptopu yake hadi usiku wa manane. Hapa mahali hapo palilipiwa kwa damu.

Na sasa barabara inakuja. Mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia unaijenga njia ya Isiolo hadi Mandera, inayopita Modogashe, na mpango wake ni kulaza faiba kandokando ya lami. Waya ukifika, kitakachopita ndani yake kwanza kinajulikana: gemu za kubeti na gemu za watu wengine. Kitakachopita kuelekea upande wa pili ndicho bado hakijaamuliwa.

SHAX KWENYE LAPTOPU

Chukua mwanafunzi wa kompyuta, mwaka wa nne, kwao Modogashe. Wenzake wanaandika pendekezo la mfumo wa kusimamia hosteli, mfumo wa kusajili wagonjwa, mfumo wa kusimamia maktaba. Yeye anaandika: shax. Atajifunza nini?

Kwanza, ubao. Kompyuta haioni miraba, inaona orodha. Unazipa nukta namba, 0 hadi 23, na kwa kila nukta unaandika majirani zake. Nukta 12 za kona zina majirani wawili wawili. Nane za katikati ya pande, kwenye mraba wa nje na wa ndani, zina watatu. Nne za mraba wa kati zina wanne. Hiyo ni mistari midogo 32 ya kupitia kete, na safu 16 ambazo kete tatu zinaweza kujipanga. Safu hiyo ya tatu inaitwa jare. Hapo umeshasoma somo zima la grafu bila kulia.

Pili, awamu. Shax ina kupanga, kuondoa na kusogeza. Wakati wa kupanga, ukiunda jare huli kitu. Lakini mchezo unakumbuka: aliyetangulia kuunda jare ndiye atakayeanza kuondoa kete ya mwenzake nukta zote zikijaa. Asipopatikana yeyote, anaanza aliyepanga wa pili. Kwa hiyo programu inahitaji kumbukumbu ya jambo lililotokea dakika kumi zilizopita. Wanaoanza husahau, na programu inamwonea mchezaji mmoja kimyakimya.

Tatu, na hapa ndipo pananifurahisha mimi. Kete ni 24, nukta ni 24. Ubao unajaa kabisa. Kila mmoja akiondoa moja, zinabaki nafasi mbili tu, kwa hiyo ni rahisi sana mtu kukosa pa kusogea. Mwanafunzi anaandika sehemu inayohesabu hatua halali, anaiendesha, na orodha inarudi tupu. Programu inakwama, ikisubiri hatua isiyokuwepo.

Katika yule binamu wa Ulaya, ukizibwa umeshindwa. Kwenye shax, aliyekuziba ndiye analazimika kucheza tena kwa namna ya kukufungulia njia. Unashinda kwa kula kete za mwenzako hadi abaki na mbili. Kumbana asipumue si ushindi.

Ndiyo maana jibu la Zurich halitufai. Ubao ni mmoja, kanuni ni tofauti, na kanuni ndizo mchezo. Mwanafunzi wetu atalazimika kuandika mpinzani wake wa kompyuta mwanzo hadi mwisho: kwanza anayecheza kwa kubahatisha, kisha anayetazama hatua moja mbele, kisha anayetazama nyingi. Atagundua kwamba kila zamu ikiwa na hatua kumi tu, kutazama sita mbele ni kupima njia milioni moja, na laptopu yake ya mtumba itaanza kupuliza moto. Hapo ndipo atajua kwa nini watu hutafuta njia za kukata matawi yasiyo na faida. Hakuna mfumo wa hosteli utakaomfundisha hivyo.

KANUNI ZINATUNGWA NA WATU

Mbuni wa gemu ni mtunga kanuni, na kanuni zina historia hapo Modogashe kuliko mji wowote wa ukubwa wake ninaoujua. Aprili 2001, wazee na viongozi wa jamii za wafugaji kutoka Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo na wilaya jirani walikubaliana mkataba unaoitwa Azimio la Modogashe. Walizungumzia malisho, maji, wizi wa mifugo, bunduki na ujambazi barabarani. Anayetaka kulisha kwenye eneo la wengine aombe kwanza idhini ya wazee wa hapo. Aliyeua alipe: mifugo mikubwa 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Mwaka 2005 wakalipitia upya.

Lisome azimio hilo kama mbuni. Kuna rasilimali chache, wachezaji wengi, kanuni za kuingia na gharama ya kuvunja kanuni. Ni mfumo, na ulitungwa na watu waliojua kwamba kisima kikizibwa leo, kesho vita vinaanza. Halafu uliza swali la pili: kwa nini mwanamke ni nusu? Nani alikuwa kwenye duara wakati namba hizo zinaandikwa, na nani hakuwepo? Mchezo mzuri hukuruhusu kubadilisha namba moja ukaona kinachotokea. Ndivyo Edwards alivyoweka jua katikati ya Spacewar!

Sasa ukirudi kwenye swali la kazi iko wapi, sitakudanganya. Soko la gemu Kenya ni dogo na ofisi zake ziko Nairobi. Lakini aliyeweza kuandika shax inayocheza vizuri ameshajua miundo ya data, upimaji, muundo wa programu na namna ya kumsikiliza mtumiaji, na hizo zinatafutwa hata na benki. Lekchara akikwambia mchezo si mradi, mwoneshe MIT, mwoneshe Kumasi, mwoneshe hiyo orodha tupu na umuulize yeye angeitatua vipi.

Kinachonitia haraka ni kitu kingine. Zana ni za bure. Godot inashuka kwa bando dogo na inaenda hata kwenye laptopu chovu. Faiba ikichelewa, programu inaweza kuandikwa bila mtandao. Lakini kanuni za shax hazimo kwenye kifaa chochote cha kupakua. Zinapatikana kwa wazee, na hutofautiana kidogo kutoka kisima kimoja hadi kingine. Kabla hujafungua kompyuta, mpigie awowe wako, ukae tayari na kalamu. Muulize kwao nani anaanza kuondoa. Muulize nani anasogeza kwanza. Kisha muulize, mtu akizibwa kabisa, ni nani mwenye wajibu wa kufungua.